Hima na Ngitili: Elimu ya Wazee Katika Mizani ya Fiqhi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Kuna suala ambalo maimamu wengi wa vijijini wanalijua, ingawa halijaandikwa sana. Wazee wa kijiji wanakaa na kukubaliana kulifunga pori fulani lisichungwe mpaka kiangazi, au kuufunga mwamba fulani wa bahari usivuliwe kwa muda. Ijumaa ikifika anasimama mtu msikitini na kusema kwamba jambo hilo halijuzu. Dalili yake ni hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ambamo Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu, navyo ni maji, malisho na moto. Basi ni nani huyo mwenye haki ya kumfungia mwenziwe malisho? Mwingine anaongeza kwamba desturi hizo ni mabaki ya ujahilia, zimechanganyika na mizimu na matambiko, na Muislamu hana haja nazo. Waumini wanatoka wamegawanyika, na aliyefurahi kuliko wote ni mwenye ng'ombe wengi, kwani ameshapata fatwa ya kuingizia mifugo yake.

Ndani ya mzozo huu kuna masuala mawili yanayochanganywa. La kwanza, je, elimu ya wazee kuhusu ardhi, mvua, majani na samaki ina nafasi yoyote mbele ya sharia? La pili, je, kufunga sehemu ya ardhi au bahari ya wote kunajuzu, na kwa masharti gani? Tutaanza na la kwanza, maana jepesi ni hilo.

Mitende ya Madina

Imam Muslim amepokea katika Sahihi yake, kwa njia zaidi ya moja, kisa cha Mtume (s.a.w.) alipowapita watu wa Madina wakiwa juu ya mitende. Walikuwa wakichukua unga wa maua ya mtende dume na kuutia katika maua ya mtende jike, kazi waliyoirithi kwa baba na babu zao. Mtume (s.a.w.) alikuwa mtu wa Makka, nayo Makka ni bonde lisilo na mimea. Akasema kwamba hadhani kama jambo hilo lina faida. Wakaliacha kwa kumtii. Mwaka ule tende zikatoka mbovu. Alipopewa habari akawaeleza kwamba ile ilikuwa ni dhana yake tu, wasimchukulie kwa dhana, bali wamchukulie kwa anachokisema kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Na kwamba wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao.

Hadithi hii imepata mikono mibaya. Wako wanaoitumia kuitoa sharia nzima katika biashara, siasa na mirathi, kana kwamba yote hayo ni "mambo ya dunia". Hilo si sahihi, kwani Qur'ani yenyewe imeweka hukumu za mirathi na riba. Lakini kosa la hao lisitufanye tuikimbie maana yake ya wazi. Wakulima wa Madina walikuwa na elimu ya mtende waliyoipata kwa kujaribu, kizazi baada ya kizazi, na Mtume (s.a.w.) akawaachia elimu yao. Hakuwauliza kama waliipata kabla ya Uislamu au baada yake, naye alijua kwamba waliipata kabla.

Kuna kisa kingine kinachotufaa zaidi sisi tunaoishi na majirani wasiokuwa Waislamu. Katika safari ya Hijra, Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr (r.a.) walimkodi kiongozi wa njia kutoka Banu ad-Dil. Vitabu vya sira vinamtaja kwa jina la Abdullah bin Uraiqit, na Bukhari amepokea kwamba mtu huyo alikuwa katika dini ya makafiri wa Kikureshi, lakini ni hodari wa njia. Wakamwamini na kumkabidhi ngamia wao wawili. Maisha ya Mtume wa Mwenyezi Mungu yalitegemea, kwa upande wa sababu za kibinadamu, elimu ya mshirikina mmoja aliyezijua njia za jangwani. Basi mtu asitwambie kwamba elimu ya mzee wa Kisukuma kuhusu majani ya nchi yake haifai kwa sababu mzee huyo hasali.

Ama kuhusu matambiko, haki ni kupambanua. Kuchinjia mzimu ni shirki na hakuna wa kuihalalisha. Lakini kujua kwamba majani fulani yakilishwa kabla ya kukomaa hayarudi, hilo ni jambo la tajriba. Tuchukue mfano wa Nairuzi hapa pwani. Wazee wa Unguja na Pemba walihesabu mwaka wa jua kuanzia siku ya Nairuzi, siku kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo, na kwa miongo hiyo wakajua wakati wa kupanda na wakati wa kusafiri baharini. Hawakufanya hivyo kwa kuidharau kalenda ya Hijria. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote, na mkulima hawezi kupanda mpunga kwa Rajabu. Mambo yanayofanywa Makunduchi katika Mwaka Kogwa yana hukumu zake, na masheikh wameyazungumza. Hesabu ya miongo ni kitu kingine. Khalifa al-Mu'tadid wa Bani Abbas aliisogeza Nairuzi ya kukusanyia kodi ya ardhi mwaka 282 Hijria (895 Miladia), kwa sababu siku ilikuwa imeteleza na wakulima wakawa wanadaiwa kodi kabla mazao hayajaiva. Hesabu ile ya Kiajemi iliachwa ifanye kazi yake, na ikarekebishwa ili mkulima asidhulumiwe.

Hima ya kijahilia na hima ya Mtume

Sasa tuingie katika suala la pili, ambalo ndilo lenye uzito. Katika fiqhi kufunga ardhi namna hii kunaitwa *hima*, neno la Kiarabu lenye maana ya kulinda na kuzuia, wala lisichanganywe na hima yetu ya Kiswahili ya kuharakisha.

Waarabu waliijua hima kabla ya Uislamu. Imam Shafii ameeleza jinsi ilivyokuwa: mkubwa wa Waarabu akifika mahali penye rutuba hupandisha mbwa juu ya mlima au mahali palipoinuka, akambwekesha. Sauti ya mbwa inapoishia kila upande, hapo ndipo mpaka wa hima yake. Ndani ya mpaka huo hachungi mtu ila yeye, na nje yake anachunga pamoja na watu wengine. Yaani chake ni chake peke yake, na cha watu ni cha wote pamoja naye. Msomaji anaweza kufikiri mwenyewe kama hima ya namna hii imekwisha duniani.

Mtume (s.a.w.) aliivunja. Bukhari amepokea kwa Sa'b bin Jaththama (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alisema hapana hima isipokuwa ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Imepokewa pia kwamba yeye mwenyewe aliihifadhi an-Naqi', na kwamba Umar (r.a.) baadaye alizihifadhi ash-Sharaf na ar-Rabadha. An-Naqi' ilikuwa kwa farasi wa Waislamu, wala hakujihifadhia yeye binafsi.

Imam Shafii ameona kwamba hadithi ya Sa'b inachukua maana mbili. Ya kwanza ni kwamba hakuna yeyote baada ya Mtume (s.a.w.) anayeweza kuweka hima. Ya pili ni kwamba hakuna hima ila iliyo mfano wa hima ya Mtume (s.a.w.), yaani kwa maslahi ya Waislamu. Kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu yetu, kama alivyoithibitisha Imam Nawawi katika Minhaj, kwenye mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, ni hiyo ya pili. Kiongozi ana haki ya kuhifadhi sehemu ya ardhi isiyo na mwenyewe kwa ajili ya wanyama wa jizya na wa sadaka, wanyama waliopotea, na wanyama wa watu walio dhaifu wasioweza kwenda mbali kutafuta malisho. Anaweza kuivunja hima hiyo haja ikitokea. Wala hajiwekei hima kwa nafsi yake. Wafafanuzi wakaongeza kwamba sehemu inayofungwa iwe ndogo, ili inayobaki iwatoshe watu.

Kwa hiyo hadithi ya ushirika katika vitu vitatu haipingani na hima ya haki. Inapingana na hima ya mbwa. Washirika wanaweza kukubaliana namna ya kuitunza mali yao ya shirika, na asiye mshirika mwema ni yule anayekula mbegu.

Lakini funguo ya mlango huu wote, kwa tunavyoona, imo katika wasia wa Umar (r.a.) kwa Hunayy, mtumwa wake aliyemwacha huru na kumfanya msimamizi wa hima. Bukhari ameupokea, na Imam Malik pia katika Muwatta. Umar alimwamuru awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa sababu dua hiyo ni yenye kujibiwa. Akamwamuru amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan.

Tuyatazame majina hayo. Abdur-Rahman bin Auf na Uthman bin Affan (r.a.) ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, na ni katika matajiri wakubwa wa Madina. Umar hakuwatuhumu kwa lolote. Sababu aliyoitoa ni ya hesabu: hao mifugo yao ikifa watarudi kwenye mitende na mashamba yao, lakini mwenye wanyama wachache wakimfia, atakuja na watoto wake mlangoni kumlilia Amirul-Muuminina, na itabidi apewe dhahabu na fedha, basi maji na majani ni mepesi kuliko dhahabu na fedha. Halafu akakiri jambo ambalo watawala wachache hukiri. Alisema kwamba wenyeji wale wanaona yeye amewadhulumu, na kwamba ile ni nchi yao kweli, waliipigania zama za ujahilia na wakasilimu wakiwa juu yake. Na lau si wale wanyama anaowabebeshea watu katika njia ya Mwenyezi Mungu, asingelihifadhi hata shubiri moja ya nchi yao.

Ngitili ya Wasukuma

Mbali na Hijazi, katika nchi kavu ya Shinyanga, Wasukuma walifikia jambo lililo karibu mno na hili bila ya kusoma kitabu chochote cha fiqhi. Wanaliita ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa. Majani yanaota, yanakomaa na kukauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kinapobana na malisho ya kawaida yakaisha, ngitili hufunguliwa, sehemu moja ikilishwa kwanza kabla ya kuhamia nyingine. Kuna ngitili za mtu au familia na kuna za jumuiya. Ulinzi wa hizi za jumuiya ulikuwa mikononi mwa wazee na mkutano wa jamii unaoitwa dagashida, ambao ndio uliomhukumu aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati.

Nchi hiyo ilipata misukosuko. Chini ya utawala wa Waingereza misitu mingi ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, kisha pamba ikatanda. Katikati ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, familia ziliziacha ngitili zao nyuma, na mtu hawezi kulinda pori asilolala karibu nalo. Mwaka 1986, serikali ya Tanzania ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Waliokuja na miche ya miti ya kigeni walijifunza haraka kwamba wazee walikuwa na njia rahisi zaidi: funga, subiri, na visiki vilivyo ardhini vitachipua vyenyewe. Mradi ulipofika mwisho mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimerudi katika zaidi ya hekta 300,000 za mkoa huo, ambao wakati huo ulikuwa mpana kuliko sasa, kabla ya Simiyu na Geita kuwa mikoa mwaka 2012. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Bara Arabu nako hima za makabila ziliishi karne nyingi, hasa milima ya kandokando ya Taif. Mwaka 1953 amri ya kifalme ya Saudi Arabia ilizifungua nchi za malisho kwa wote, na nyingi katika hima hizo zikaliwa zikaisha. Nia ilikuwa kuondoa upendeleo wa makabila, na nia hiyo ina asili katika hadithi tulizozitaja. Lakini ilipoondoka hima ya kabila haikuwekwa hima nyingine mahali pake, na malisho yakawa ya mwenye gari la kubebea maji na makundi makubwa. Mtaalamu wa malisho Omar Draz, aliyefanya kazi na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa (FAO), aliandika kuhusu hima hizo mwaka 1969, na akasaidia kuurejesha utaratibu huo nchini Syria. Hijazi na Usukuma, miaka kama ishirini baina yao, zilitendewa jambo moja: elimu ya wenyeji ilifutwa kwa kalamu.

Tukiipima ngitili kwa mizani ya Minhaj, lazima tutenganishe aina zake mbili. Ngitili ya familia iliyo katika ardhi inayomilikiwa na familia si hima. Ni milki, na mwenye milki ana haki ya kulitunza shamba lake. Ngitili ya jumuiya ndiyo hima. Anayeiweka ni mwenye mamlaka, na kwa Tanzania Bara Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, kwa hiyo hatuoni tatizo katika sharti hilo. Tatizo liko kwingine. Watafiti walioichunguza Shinyanga wameeleza kwamba faida ya ngitili humfikia zaidi mwenye ardhi kubwa na mifugo mingi, na kwamba kuna wanaojitanulia ngitili zao, kisha wanakodisha malisho kwa wengine. Anayejitanua katika ardhi ya wote na kuiita ngitili yake anamrudisha yule mbwa juu ya mlima. Na ngitili ya jumuiya inayofunguliwa kwa wote siku moja, mwenye ng'ombe mia tano na mwenye mbuzi wanne, ina sura ya usawa, lakini baada ya wiki moja mwenye mbuzi wanne atakuta vumbi. Umar (r.a.) hakugawa hivyo.

Bahari ya Misali

Je, hukumu hii inaingia baharini? Wanachuoni wa zamani walizungumzia malisho kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakigombaniwa, na samaki walionekana hawaishi. Leo wanaisha. Sababu ya hukumu ni moja, nayo ni kitu cha wote kinachoharibika kikitumiwa bila ya mpaka. Mwenyezi Mungu ameeleza katika Suratur-Rum, aya ya 41, kwamba uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa yaliyochumwa na mikono ya watu, na bahari imetajwa humo kwa jina lake.

Mfano tulionao ni kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ambacho wavuvi wamekuwa wakipiga dago kwa miaka mingi. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhr alifika hapo, akawaomba wavuvi msala wa kusalia, hawakuwa nao, akasema basi kisiwa hiki ndicho msala wangu. Kisa hiki hakina isnadi na hatukifanyi dalili ya hukumu. Lakini mvuvi aliyelelewa nacho aliona haya kukichafua kisiwa, na haya ni katika imani.

Mapema katika miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kukitoa kisiwa hicho kwa hoteli ya kitalii. Wavuvi wakapinga. Mwaka 1998 Misali ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, sehemu ndogo ikafungwa kabisa na iliyobaki ikaachwa kwa uvuvi, na mwaka 2005 ikaingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba. Kukataza baruti kwa amri ya serikali pekee hakukufaa sana. Taasisi ya IFEES ya Birmingham, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, ilikuja kusaidia kuyafundisha mafunzo ya Qur'ani juu ya mazingira, na viongozi wa dini wa Pemba wakayapeleka misikitini na madrasa. Mvuvi akaelezwa kwamba baruti inaua na wadogo wasiolika, inavunja matumbawe wanamozaliana, na kwamba huko ni kumdhuru mvuvi mwenziwe, nalo limekatazwa na Mtume (s.a.w.). Wapo walioiacha baruti kwa maneno hayo, baada ya kuwa wameikimbia boti ya doria miaka mingi.

Masharti ya Minhaj yanaonekana hapo: sehemu ndogo, maslahi ya wote, na iliyobaki inatosha. Hata hivyo wasia kwa Hunayy unabaki mlangoni. Mwamba ukifungiwa mwenye ngalawa na mshipi, kisha ukafunguliwa kwa boti za watalii wanaolipa, na malipo yale asiyaone mwenye ngalawa, basi Ibn Auf ameingizwa na mwenye kondoo wachache ametolewa. Msimamizi wa hifadhi ya namna hiyo ana haja ya kuiogopa ile dua.

Limebaki suala la faini, ambalo maimamu huulizwa zaidi kuliko yote. Mwenye mifugo mingi akiingia katika hima akachunga, Imam Nawawi amenukuu katika Rawdha kutoka kwa Sheikh Abu Hamid kwamba huzuiwa na kutolewa, lakini hatozwi fidia wala haadhibiwi. Na adhabu ya kutoza mali, kwa jumla yake, ni mahala pa khitilafu, na kauli mpya ya Imam Shafii haiipitishi. Kwa hiyo halmashauri ya kijiji inayomtoza mchungaji masikini ng'ombe mzima kwa kosa la kwanza haina pa kuegemea katika madhehebu yetu. Bora makubaliano yaandikwe mapema, mbele ya wote, kwamba kila anayeingia kabla ya wakati atachangia kiasi fulani katika mfuko wa ulinzi. Hapo inakuwa ni sharti walilojiwekea wenyewe, na Waislamu hushikamana na masharti yao. Na siku ya kuandika makubaliano hayo, mwenye mbuzi wanne awepo.

Wallahu aalam.